Namba Isiyopigwa Pasi

Jumba la Hesabu la Mpwapwa halikuwa na dirisha hata moja. Mgeni akifika alidhani fundi alisahau. Wenyeji walijua kwamba ni sheria. Anayekokotoa hali ya hewa haruhusiwi kuitazama. Jicho lina kiherehere, walisema. Likiona kawingu kamoja tu kwa mbali, mkono unaanza kuongeza mvua mahali ambapo hesabu haikuiweka. Kwa hiyo watu mia nne waliingia saa kumi na mbili asubuhi, mlango ukafungwa kwa komeo, na mpaka jioni mbingu waliyoijua ni ile ya kwenye karatasi.

Nyanzala Masunga alikuwa ameshakaa kitako kabla kengele haijalia. Mwanamke wa miaka thelathini na minane, Msukuma wa Maswa, mrefu, mkali wa macho na mpole wa sauti, na kwa kazi yake hakuwa na mpinzani. Alikuwa mkuu wa meza ya pasi. Si pasi ya nguo, jamani! Kila alfajiri vituo sitini na saba vilirusha maputo, vikapima joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa, kisha vikatuma namba kwa telegrafu. Namba hizo zilifika mbichi, na namba mbichi, kama shati lililotoka kambani, ina mikunjo. Mpimaji huyu kipimajoto chake kibovu, yule ana usingizi, wa tatu kalamu ya chombo imemteleza. Nyanzala aliichukua kila namba, akailinganisha na za jirani zake, na iliyojitokeza kupita kiasi akaikandamiza mpaka ikalala sawa na wenzake. Ukutani juu ya kichwa chake palikuwa na maneno mawili ya chokaa, kila herufi kimo cha mtoto: LAINISHA KWANZA.

Saa mbili na dakika kumi karani wa telegrafu alimletea karatasi ya kituo cha Kongwa. Joto la chini, sawa. Unyevu, mwingi lakini sawa. Kimo cha mita elfu tisa: digrii hamsini na mbili chini ya sifuri.

"Lo! Huyu Ambakisye leo kapima nini, mochwari?" alisema Nyanzala, na karani akacheka.

Dodoma walisema thelathini na mbili. Gairo thelathini na tatu, Kilosa thelathini na tatu. Kongwa peke yake ndiyo iliyojitia ujuaji. Nyanzala hakufikiri mara mbili. Alipiga mstari juu ya hamsini na mbili, akaandika thelathini na tatu kwa wino wa buluu, na pembeni akaweka maneno yake ya kila siku: imepigwa pasi. Hata kufunga kifungo cha shati kunachukua muda zaidi. Kisha, kama desturi ilivyotaka, namba iliyonyooshwa ikarudishwa Kongwa kwa telegrafu ili mpimaji airekebishe kwenye daftari lake, na kengele ikalia.

Hapo ndipo ungetamani uwe na jicho la ndege ulione lile Jumba. Lilikuwa duara, limepanda kwa ngazi pande zote, na kila mtu kwenye ngazi zile alikuwa na kipande chake cha nchi: mraba wa kilomita arobaini kwa arobaini, pamoja na hewa yote iliyosimama juu yake, imekatwa matabaka matano. Mwenye mraba wa Kilosa alipiga hesabu yake, akaandika jibu kwenye kijikaratasi, akampa jirani mwenye mraba wa Gairo, naye akapokea la Gairo, maana upepo wa kwako jioni ni upepo uliokuwa kwa jirani yako asubuhi. Ili pasiwe na mwenye kukimbia wala mwenye kuzubaa, waliimba. Safu ya mashariki ilianza, *pokea jirani, pokea*, ya magharibi ikajibu, *nimepokea, nakupa*, na kila ubeti ukiisha vijikaratasi mia nne vilikuwa vimebadilisha mikono. Saa sita za kuimba namna ile zilizaa hali ya hewa ya saa ishirini na nne. Nyanzala alikuwa ameusikia wimbo ule miaka kumi na moja, na bado ulikuwa unamsimamisha vinyweleo. Ilikuwa nchi nzima ikipumua ndani ya chumba kimoja.

Na yote hayo yalitoka kwenye vitabu vya kale. Siku Jua lilipopiga chafya, miaka arobaini na mmoja iliyopita, mashine zote zenye akili ziliungua kwa saa moja, za mezani na za angani, na zilizotengenezwa baadaye hazikudumu, kwa kuwa Jua halijaacha mafua yake. Watu wakabaki wanatazama mbingu kama vipofu. Ndipo wasomi wachache wakaingia maktabani kuuliza: wale wa mwanzo wa karne ya ishirini, waliokuwa na penseli na zebaki tu, walijua nini? Kumbe walijua mengi ya kutisha. Walijua kutengeneza gesi nyepesi ya kupandishia puto. Walijua kwamba hewa hutii hesabu zilezile za jiwe linaloanguka na chungu kinachochemka. Tena waliwahi kurusha maputo juu ya Ziwa Nyanza, mwaka 1908, wakagundua jambo ambalo hata leo ukimwambia mtu atakugunia: baridi kali kabisa ya hewa yenye mawingu haiko kwa wenye theluji. Iko hapa hapa kwetu, juu ya vichwa vinavyotoka jasho, kilomita kumi na saba kwenda juu, digrii themanini chini ya sifuri.

Sheria ya kulainisha nayo ilitoka huko huko. Mtu wa kwanza kukokotoa hali ya hewa kwa mkono alikuwa mbeba majeruhi vitani huko Ulaya; alipiga hesabu zake wiki sita, meza yake lundo la nyasi kavu. Jibu lake likasema mgandamizo wa hewa utabadilika vipimo mia moja arobaini na tano kwa saa sita. Mambo ya kichaa! Mbingu ya siku hiyo ilikuwa imetulia tuli. Hesabu zake hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye namba mbichi alizoanza nazo, zenye mikunjo midogo ambayo hesabu iliikuza ikawa milima.

Nyanzala hakuhitaji kusimuliwa hadithi hiyo. Yeye alikuwa na yake.

*

Saa tano na robo mlango wa Jumba uligongwa kwa ngumi, jambo ambalo halijapata kutokea. Mlinzi alifungua kidogo, akasukumwa, na Ambakisye Mwaisumo akaingia ana vumbi mpaka kwenye kope, baiskeli yake imeanguka nyuma yake. Wimbo ulitetereka kidogo ukaendelea.

Ambakisye alikuwa mrusha maputo wa Kongwa, Mnyakyusa mfupi wa kifua kipana, mwenye mikono iliyobabuka kwa kazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyechemsha magadi na chokaa kupata ile dawa kali inayokula ngozi, akatumbukizia vipande vya alumini ya ndege za zamani, povu likaumuka na gesi ikaingia kwenye puto. Mtu wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi, na leo alikuwa amekasirika.

"Dada Nyanzala, nimewaletea hamsini na mbili, mnanirudishia thelathini na tatu! Mimi nimekuwa mwehu?"

"Punguza sauti, kaka. Watu wanahesabu."

"Wahesabu nini? Wanahesabu uongo!" Alifungua mkoba wa ngozi, akatoa karatasi iliyopakwa masizi, nyeusi tii, imekunjuliwa kutoka kwenye kigoma kinachozunguka ndani ya chombo na kupigwa vanishi isifutike. "Hebu tazama. Telegrafu inabeba namba. Haibebi hii."

Nyanzala aliiinamia. Kwenye ule weusi kalamu ya chombo ilikuwa imechora mstari mweupe mwembamba kama uzi. Ulipanda na puto, baridi ikiongezeka taratibu, halafu kwenye mita elfu nane ukapinda kuelekea barafu, ukafika hamsini na mbili, ukaenda zake juu. Alishaona mipindo mingi maishani. Kalamu ikiteleza huacha mkwaruzo, kama kucha ya paka. Huu haukuwa na mkwaruzo. Ulipinda kwa upole kabisa, kama barabara inayozunguka mlima.

"Sasa tazama upande wa pili," alisema Ambakisye. "Puto limepasuka, chombo kinashuka kwa mwavuli. Kalamu bado inaandika."

Mstari wa kushuka ulipita mahali pale pale. Ulipinda pale pale. Hamsini na mbili.

Nyanzala alipitisha kidole juu ya mistari yote miwili. Kalamu inaweza kuteleza ikienda. Haiwezi kurudi ikakumbuka kuteleza mahali palepale.

"Basi imeshuka," alisema polepole. "Ile baridi ya juu. Kipande chake kimeshuka kilomita nane nzima, kimekaa juu ya milima yetu."

"Na chini kuna joto la kupikia ugali na unyevu wa kukamua," alisema Ambakisye. Hasira yake ilikuwa imemwishia. Sasa alinong'ona kama aliye msikitini. "Mimi ni mrusha maputo tu, dada. Hewa ya chini ikianza kupanda, na juu hakuna wa kuizuia, itaishia wapi?"

Yeye hakujua, lakini Nyanzala alikuwa na njia ya kujua. Aliita wakokotoaji kumi na wawili wa safu ya kati, wepesi kuliko wote, akawapa mraba mmoja tu, ule wa milima iliyo kati ya Kongwa na bwawa la Lusolo linalonywesha Dodoma, na namba ya Kongwa ikiwa mbichi. Wakamtazama kama aliyewaomba waingie kitandani na viatu. Mmoja akauliza kama Mkuu wa Jumba anajua. "Atajua," alisema Nyanzala. "Hesabuni."

Walihesabu bila kuimba. Ilichukua saa moja na nusu. Kadiri vijikaratasi vilivyokuja mezani, Nyanzala alivipanga, na alipoweka cha mwisho akavisoma kwa mfululizo.

Upepo wa kupanda juu, mita hamsini kwa kila sekunde. Wingu litakaloanzia usawa wa vilima na kufika kilomita kumi na saba, yaani mpaka kwenye dari la mbingu. Maji ya mvua, milimita mia tatu na arobaini, kuanzia saa kumi alasiri, juu ya mabonde yote yanayomimina kwenye bwawa. Mvua ya nusu mwaka kwa jioni moja. Aliogopa, ndiyo, lakini nisifiche: alifurahi pia, ile furaha ya aliyechungulia akaona kitu kikubwa mno kikigeuka usingizini. Namba zilikuwa nzuri. Kila moja ilimshika mwenzake mkono.

*

Mkuu wa Jumba, Mama Chitemo, alikuwa na chumba chake nyuma ya telegrafu. Mgogo wa umri wa miaka sitini na mitano, mwembamba, mwenye desturi ya kumsikiliza mtu macho yamefumbwa.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kelele, na nimesikia safu ya kati imenyamaza. Kaeni, mniambie."

Walimwambia yote. Mama Chitemo alifumbua macho alipopewa kijikaratasi cha mita hamsini kwa sekunde.

"Hii ni namba ya mwendawazimu," alisema.

"Ndiyo, Mkuu. Lakini mstari ni mmoja, kwenda na kurudi."

"Kalamu haikuteleza, nimekubali. Je, kipimajoto? Chuma chake kikipinda, kitadanganya kwenda na kurudi, tena kwa adabu nzuri kabisa. Ambakisye, ulikipima kilipotua?"

Ambakisye alishusha macho. Alikuwa mkweli mpaka kujiumiza. "Nilikichovya kwenye maji ya moto na ya kisima, Mkuu, kikasema kweli. Kwenye baridi sikuweza. Baridi ya hamsini nitaitoa wapi?"

"Na mbingu je? Wewe umetoka nje."

"Nyeupe pe. Hakuna wingu."

Mama Chitemo aliweka karatasi chini. Wote watatu walijua swali lililobaki. Bwawa la Lusolo lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na ukuta wake ulikuwa wa zamani. Milimita mia tatu na arobaini zikiingia mle, ukuta utabomoka, na chini yake kuna bonde lenye watu elfu tisa. Dawa yake ni kufungua malango sasa hivi, kuwapigia watu wa bondeni king'ora wapande vilimani, na kumwaga maji. Lakini maji yale ndiyo kiangazi kizima cha Dodoma. Ukiyamwaga na mvua isije, mji utalamba tope mpaka Desemba.

Hilo lilishatokea, miaka miwili nyuma. Namba mbichi ya kituo kimoja, mvua kubwa kwenye hesabu, sahihi ya kufungua malango, na mbingu isiyotoa hata tone. Sahihi ilikuwa ya Nyanzala.

Jumba lina desturi yake kwa jambo kama hilo, na sijui kama ni ya huruma au ya ukatili. Aliyefungua malango bure hafukuzwi kazi. Anapelekwa mjini kusimama bombani, agawe kwa mkono wake maji yaliyobaki, ndoo moja kwa kila nyumba, hadi mvua zirudi. Nyanzala alisimama kwenye bomba la mtaa wa Chang'ombe, Dodoma, miezi saba. Watoto thelathini na mmoja walikufa kwa kuhara, kwa kuwa watu walichanganya ndoo yao moja na maji ya madimbwi. Hakuna aliyemtukana, na laiti wangemtukana. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila asubuhi na mtoto mgongoni, akisema "Asante, dada." Alisema asante hata asubuhi aliyokuja mgongo mtupu. Tangu arudi, Nyanzala hakuacha namba yoyote iliyojitokeza ipite bila kuikandamiza.

"Ungekuwa mtu mwingine," alisema Mama Chitemo, "ningesema hajui anachoomba."

"Ninajua, Mkuu."

"Namba moja, mwanangu. Dhidi ya vituo vitatu vya jirani, na mbingu nyeupe."

"Hiyo hiyo moja."

"Na sheria iliyoko ukutani uliiandika wewe mwenyewe upya, uliporudi. Ulipanda ngazi na ndoo ya chokaa."

"Niliandika." Nyanzala alisogeza kiti chake mbele. "Mkuu, nikikosea kwa kufungua, nitarudi bombani. Nitasimama mbele ya watu, waniangalie usoni, niwape ndoo zao. Nikikosea kwa kufunga, wale wa bondeni nitasimama mbele ya nani?"

"Na wale thelathini na mmoja," alisema Mama Chitemo taratibu, "ulisimama mbele yao?"

Maneno hayo yalimpata pabaya. Ambakisye alifungua mdomo kumtetea, Nyanzala akamgusa mkono anyamaze. Chumba kilikuwa na joto. Nyuma ya ukuta safu za Jumba ziliendelea kuimba, zikikokotoa mchana mtulivu wenye manyunyu kidogo jioni, kutokana na thelathini na tatu aliyoiandika yeye.

"Hapana," alisema Nyanzala. "Sikusimama mbele yao. Na sina hakika, Mkuu. Ukiniuliza kama nina hakika, sina. Lakini asubuhi nilifuta namba ya watu bila kumuuliza aliyeipima. Sikuifuta kwa sababu ni ya uongo. Niliifuta kwa sababu naogopa bomba. Nipe karatasi nitie sahihi."

Mama Chitemo akavuta droo ya meza, akatoa fomu nyekundu, akaisoma yote kama hajawahi kuiona, na kabla ya kuisukuma mbele akachukua kalamu akaweka sahihi yake mwenyewe juu.

"Mkuu, desturi inataka mmoja."

"Desturi haikusema wawili ni dhambi. Bomba la Chang'ombe lina pande mbili. Andika, saa inakwenda."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini telegrafu ilipoanza kugonga kwenda Lusolo.

*

Saa nane, malango matatu yako wazi. Saa nane na nusu, lango la nne limekwama, mafundi wanalipiga nyundo. Saa tisa, watu wa bondeni wanapanda, wengine na mbuzi wao, wengine wakilaani Jumba na waliolijenga. Maji yameshuka mita mbili. Mbingu nyeupe.

Kila ujumbe uliofika, mwisho wake ulikuwa ule ule: mbingu nyeupe. Saa tisa na nusu mlinzi wa bwawa aliongeza la kwake: *Je, mna uhakika huko? Tunamwaga uhai wa watu.*

Nyanzala aliuchukua ujumbe huo akausoma mara mbili. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha telegrafu, Ambakisye kando yake. Jumba lilikuwa limemaliza kazi. Wakokotoaji mia nne walikuwa wamekaa kwenye ngazi zao, habari imeshawafikia, wanamtazama. Alifikiria yule mama wa Chang'ombe. Alijiona tena na ndoo mkononi. Alitamani afe, na hilo nalisema kwa sababu ndivyo alivyotamani.

Kisha miguu yake ikahisi kitu. Hewa ya mle ndani, iliyokuwa imelala siku nzima, ilisogea. Ilitoka chini ya mlango ikapita kwenye vifundo vya miguu, ikaenda kwa kasi, na vijikaratasi vya safu ya chini vikaanza kutambaa sakafuni.

"Fungueni mlango," alisema Nyanzala.

Mlinzi alimtazama Mama Chitemo. Mama Chitemo akatikisa kichwa kukubali.

Wakatoka, wote, watu ambao wengine walikuwa wamekokotoa mawingu miaka ishirini na hawajawahi kusimama saa ya kazi wakaona wingu hata moja. Kaskazini, juu ya milima ya Lusolo, lilikuwa limesimama. Lilikuwa jeupe na lilikuwa linachemka, likitumbukia ndani yake na kuzaliwa tena juu zaidi, na lilipanda mbele ya macho yao, dhahiri, kama maziwa yanayofurika sufuria. Shingo ziliuma kulifuata. Lilipofika juu kabisa likagonga kitu kisichoonekana, likashindwa kwenda, likaanza kutandaa pande zote, tambarare, kama lililofika dari. Na dari lilikuwepo kweli. Walilijua kimo chake. Wengi wao walikuwa wamekiandika kwa mkono wao, kilomita kumi na saba, na hawakuwahi kufikiri kwamba kilomita kumi na saba ina uso.

"Mungu wangu," alisema mtu wa safu ya kati. "Hamsini kwa sekunde. Tazama pale pembeni, tazama linavyokwenda. Ni hamsini kweli!" Naye akaanza kulia, mtu mzima.

Hakuna aliyecheka. Ambakisye alivua kofia. Radi ya kwanza ilipopiga, ardhi ilitikisika, na watu mia nne wakasema kwa sauti moja neno ambalo kila mmoja alilitoa kwenye dini yake.

*

Mvua ilinyesha na mawe, ikakoma saa kumi na moja na nusu, na jua likatoka kama lisilohusika. Ujumbe wa Lusolo ulisomwa mlangoni: maji yamefika shubiri mbili chini ya ukingo, yamesimama. Lango la nne halikufunguka. Ukuta mzima. Watu wa bondeni wote juu, isipokuwa mzee mmoja aliyekataa kuacha ng'ombe wake. Bwawa limejaa tena.

Pakawa na vigelegele. Watu walimbeba Ambakisye mabegani na baiskeli yake pia. Wakamtafuta Nyanzala wambebe, hawakumwona.

Alikuwa kwenye ghala la nyuma ya Jumba, mahali karatasi za masizi za vituo vyote zinapotunzwa, mwaka kwa mwaka, kila moja imebanwa na telegrafu ya namba zake, zimefungwa kwa kamba ya katani. Mama Chitemo alimkuta amesimama katikati ya rafu.

"Wanakuita huko nje. Umeokoa watu elfu tisa."

"Mkuu, hizi zote zina mstari wa kwenda na wa kurudi?"

"Zote." Kisha Mama Chitemo akaelewa. Akashika ubao wa rafu. "Nyanzala. Usifanye hivyo leo. Leo furahi na wenzako."

"Miaka kumi na moja nimepiga pasi. Zilizojitokeza kupita kiasi, mbili tatu kila siku. Hakuna hata siku moja nilipoomba niletewe karatasi yenyewe."

Nyanzala alivuta fungu la juu, akakata kamba kwa meno. Karatasi ya kwanza ambayo telegrafu yake ina wino wa buluu ilikuwa na mkwaruzo mbaya, kucha ya paka kabisa. Kalamu iliteleza kweli. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Ya pili hivyo hivyo. Nje walikuwa wameanza kuimba tena, safari hii bila hesabu, wimbo wa harusi.

Mstari wa karatasi ya tatu ulikuwa safi, kwenda na kurudi. Alitafuta tarehe kwenye pembe. Ilikuwa siku ambayo mto ulichukua daraja la Gulwe pamoja na gari la moshi lililokuwa juu yake, na Jumba likatangaza kesho yake kwamba hapakuwa na dalili yoyote. Alisoma pembeni mwa telegrafu yake maneno mawili ya mwandiko wake, imepigwa pasi, akaiweka karatasi ile peke yake upande wa kulia, akanyoosha mkono kuchukua ya nne.